Unywele Ndani ya Saa ya Ami Nyange

Jioni ile ya mwaka 1959 nilikuwa nakwenda Mtambile kwa fundi saa. Mara ya tatu. Saa ile ile.

Miaka kumi na minane nimepika melini. Nimefika Basra, nimefika Bombay, nimerudi Pemba na sanduku moja na tumbo la watu wawili. Bahari haikunishinda. Kilichonishinda ni saa ya mkono ya marehemu Ami Nyange, ndugu wa baba, urithi wangu pekee. Kwa fundi inatembea. Nikivuka kizingiti changu, inasimama. Yanipandisha hasira mpaka nasema nayo kama mke.

Dada yangu Kazija, aliyenilea, alinishika kanzu mlangoni.

"Iache, Mmanga. Ami aliisimamisha mwenyewe, siku ile homa yangu ilipokatika."

"Homa ilikatwa na kwinini, Bi Kazija."

"Haya, msafiri. Wewe ndiye ujuaye."

Fundi Matano aliifungua, akasogeza taa, akainama.

"Nini tena?" nikauliza.

Kwa kikoleo chake alivuta unywele kutoka chini ya kigurudumu. Mrefu. Mwekundu kwa hina. Hina mbichi... harufu yake ilijaa duka.

"Huu umefungwa mafundo saba," akanong'ona. "Aloufunga hakuwa akicheza. Nirudishe?"

Safari tatu, juani na mvuani! Na baraza nzima ishanicheka: baharia asiyejua saa ngapi.

"Toa," nikasema. "Tupa."

Akaupuliza. Ukaingia kwenye moto wa taa.

Tsss.

Saa ikaanza kutembea.

Nilirudi njia ya mikarafuu nikijisifu peke yangu. Adhana ya magharibi iliponikuta, nikairudisha mishale kwenye kumi na mbili, kama afanyavyo kila mwenye saa huku kwetu jua likizama. Nikaitia ufunguo, kile kifungo cha ubavuni. Tik. Tik. Tik.

Nyumbani nilisikia tik nyingine.

Ilikuwa meno ya Kazija.

Alikuwa kitandani, anatetemeka, mwili moto kama chungu. Meno yake yalikwenda sawasawa na saa yangu. Hayakuwahi. Hayakuchelewa.

"Umeutoa," akasema.

Nilivuta ufunguo kwa kucha, saa ikasimama.

Meno yakanyamaza.

Nikamshukuru Mungu... kisha nikaona kifua chake. Hakipandi. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Nikausukuma ufunguo ndani.

Tik.

Kazija akavuta pumzi, kama aliyeibuka kisimani.

Nilikata unywele wake mwingine, wa hina ile ile, nikaufunga mafundo saba, nikaupeleka kwa Matano. Haukushika. Ami alisoma nini pale, hakumwachia mtu. Shehe alisoma, homa ikapungua, lakini saa hakuigusa. "Usiiache ilale," ndiyo kauli yake, akaondoka bila kunywa kahawa.

Basi huu mwaka wa tatu. Kila magharibi naitia ufunguo, naye Kazija ananitazama. Mimi niliyefika Basra, hata Kisiwa Panza kwenye harusi siendi. Watu wanasema nimekuwa mchamungu, magharibi hainikuti barazani. Nawaacha waseme.

Ila jana ufunguo uliteleza. Ulizunguka mara mbili bila kushika.

Leo nimekwenda Mtambile mbio. Matano keshahama, duka sasa lauza mafuta ya taa.

Jua linashuka. Kazija amekaa mkekani mbele yangu, amenyoosha mkono.

"Nipe," ananiambia. "Leo nitaitia mwenyewe. Ukiteleza, uteleze mkononi mwangu."