Vidole Chini ya Verni

Soko la Kalemie lilikuwa limejaa pomoni siku Éliézer alipopita na ubao begani, akageuka kumtazama dada mmoja mwenye kitenge cha manjano. Ubao nao ukageuka, ukamvua dada huyo kilemba.

"Papa wa mbao, umeniona ao umenipima?" akauliza Godelieve.

"Kuona, nimekuona. Kupima, nangoja ruhusa."

Ruhusa ilichukua miezi minne na simu zisizo na idadi. Sasa Jumapili wazee wa Éliézer wangeenda kwao Godelieve kumposa, na yeye, seremala, alikuwa ameahidi kutanguliza meza ya mulombwa, mbao nyekundu, kwa mama mkwe.

Ijumaa asubuhi, verni ya kung'arisha mbao ikiwa imekauka, Godelieve alipita ateliye, karakana ya Éliézer, kuiona. Éliézer alikuwa ameenda kununua misumari. Meza iling'aa nyekundu, ila kando ya kiungo cha mbao mbili palikuwa na madoa manne meupe: alama za vidole vyembamba. Akaondoka, akapiga simu njiani.

"Allô, Éliézer. Kwenye meza kuna vidole. Ni vya nani?"

"Vidole gani, chérie?"

"Vya mwanamuke. Vyako ni vinene kama ndizi. Jumapili wazee wako wabakie kwao."

Akakata.

Éliézer alikimbia ateliye, akainamia meza, akacheka peke yake. Alipiga mara sita. Ya saba ikapokelewa.

"Kuya tu uweke mukono wako hapa. Kisha unichukie vizuri."

Godelieve alikuja amenuna, lakini amejipulizia manukato. Muntu aliyekasirika kabisa hakumbuki manukato. Akaweka vidole juu ya madoa. Vikaenea barabara.

"Jumanne ulipokuja nilikuwa nimetoka kubana viungo," Éliézer akasema. "Kole ya kugandisha mbao ilikuwa inatoka pembeni, ukaiegemea. Ikikauka haionekani, lakini verni haiingii pale ilipo."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Robe uliyovaa ilikuwa mupya. Ningebandika utepe wa skoch kandokando ya kiungo, ao ningengoja kole iwe kama mupira, niibandue na patasi. Sikufanya kitu. Niliangalia robe."

Godelieve alijizuia kucheka, akashindwa. Akavua saa, akachukua msasa. Walikwangua uso wote wa meza hadi mbao tupu, wakisugua kufuata nyuzi, kisha wakapitisha kitambaa cha maji ili kole iliyobaki ionekane. Doa moja likajitokeza. Wakasugua tena. Safari hii maji yalileta wekundu mtupu.

"Verni itakauka mbele ya Jumapili?" akauliza Godelieve.

"Itakauka. Sasa wazee niwaambie nini?"

"Wasichelewe. Na waombe kwa ufupi, mimi nimeshaitika."