Maneno ya Watu Baki

Jua lilikuwa linazama mshonaji alipotoka uani kuanua nguo. Bintiye alimwacha ndani, chini ya meza ya kompyuta, mahali alipopapenda kwa sababu ya joto la feni yake. Mtoto alikuwa anakaribia miaka mitatu na hajawahi kutamka neno. Majirani wakampachika jina la Bibi Kimya. Mawifi nao walikuwa na lao: eti mama anayepayuka kutwa amemaliza maneno yote ya nyumba.

Mchana alicheka nao. Akibaki peke yake alimwomba Mungu neno moja tu. "Mama" lingetosha.

Alirudi na rundo la nguo begani, akasita mlangoni. Kulikuwa na harufu. Si ya choo, wala ya panya aliyefia uvunguni. Ilikuwa harufu ya kinywa... kinywa cha mtu mzima mwenye jino bovu, anayekunong'oneza karibu mno.

Kisha akasikia sauti.

Mtoto alikuwa anaongea.

Nguo zilimdondoka kwa furaha. Ndipo akayasikia maneno yenyewe.

"Mchanganyie kidogo kidogo," alisema Bibi Kimya, kwa sauti ya mwanamume mwenye kikohozi. "Asigundue."

Akameza mate. Sauti ikageuka ya kikongwe. "Nywele zake nimezipata. Bado kucha."

Ute ulimtiririka kidevuni, mzito, wa kijivu, una nywele ndani. Mama aliokota shuka safi, akamfuta. Ute ukavutika kama uji uliochacha, ukamnasa vidoleni. Akatapika papo hapo, juu ya nguo alizozifua mwenyewe.

Mezani, taa ya kompyuta ilikuwa inapepesa. Ikipepesa, mtoto anasema. Ikitulia, mtoto kimya.

Hapo akaukumbuka ugomvi wao. Mumewe, fundi wa kompyuta, alikuwa ameweka programu ya kuwaficha watu. Mtu akiandika jambo, haliendi moja kwa moja kwa mwenziwe. Linapitishwa kwanza kwenye kompyuta za watu baki, kutoka hii hadi ile, mpaka asijulikane aliyelisema wala aliyelipokea. Mume alijitolea yao iwe mojawapo.

"Kuna watu wanaonewa, hawana pa kusemea," alimweleza, na alisema kweli.

"Mtaro haumuulizi mtu anamwaga nini," mke alimjibu.

"Sisi tunapitisha tu, mke wangu. Hatuyaoni, hatuyajui."

Hawayajui! Na mtoto je, aliyekaa mdomoni mwa huo mtaro?

Akampigia mumewe simu. "Programu yako inaongea kinywani mwa mwanao!"

"Inafanya nini? Hebu... sikiliza, usichomoe waya. Bonyeza pa kumaliza, usubiri ya watu yapite yote. Ukikata ghafla yatakwama nj..."

"Yule mwanamke," mtoto alianza, kwa sauti laini ya mtu anayetabasamu, "akishalala, mchukue mtoto wake, umpeleke..."

Mama hakutaka kuusikia mwisho. Akachomoa waya.

Taa ikazimika. Kinywa cha mtoto kikajifunga.

Kap.

Hakikufunguka tena. Shavu moja lilivimba, na ndani yake kitu kikajigeuza polepole, kama konokono anayetafuta pa kulala. Ute ukaziba pua. Midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi.

Mume aliingia anahema, duka lake lilikuwa mtaa uleule. Akarudisha waya. Kompyuta haikuwaka.

"Neno limekwama ndani," alinong'ona. "Lilikuwa halijamfikia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Hajulikani. Ndivyo... ndivyo ilivyotengenezwa."

Angempiga kofi, lakini hakukuwa na nafasi ya makofi. Kila mama aliyelea anaijua kazi iliyobaki. Mtoto akizibwa na mafua, unamnyonya kamasi kwa mdomo wako, unatema, maisha yanaendelea. Akamlaza mapajani, akaibana pua yake ndogo kwa midomo, akavuta.

Kwanza ikaja chumvi. Halafu kikaja kitu baridi, kinene, chenye nywele, kikateleza juu ya ulimi wake na kujikunja nyuma ya meno. Alitaka kutema kuliko alivyowahi kutaka chochote duniani.

Midomo yake ikajifunga.

Mtoto akavuta pumzi, akaangua kilio. "Mama!" aliita. Sauti yake mwenyewe, nyembamba, safi. "Mama!"

Mama hakuweza kuitika. Kitu kile kilikuwa kinamnong'oneza ujumbe wote, mwanzo hadi mwisho. Sasa alijua yule mwanamke ni nani, na mtoto wake angepelekwa wapi, na angefanywa nini huko.

Mlango ukagongwa.

"Hodi," sauti ilisema taratibu. Ile harufu ikapenya chini ya mlango.

"Nani?" mume aliuliza kwa kunong'ona.

"Sina jina. Kuna neno langu hapa, nimelisubiri sana. Nikaribisheni."

Mume alirudi nyuma hadi ukutani. "Usimwitikie," alimwambia mkewe. "Tusipomkaribisha, labda hataingia."

Na kweli hakuingia. Lakini hurudi kila jioni.

Siku hizi midomo ya mshonaji ingefunguka kama angetaka. Hataki. Akiachama tu, neno litatoka, na mahali fulani mtoto wa mwenzake atakwenda. Anakunywa uji kwa mrija, kupitia pengo la jino, na kila funda lina ladha ya kile kitu. Majirani wamehamisha jina: Bibi Kimya sasa ni yeye.

Binti hanyamazi. Kila siku huja na neno jipya, tena mama wa jirani anamfunza adabu. Jua likianza kuzama, baba humbeba akamfungia chumba cha ndani mpaka giza liingie.

Jioni moja baba alichelewa dukani.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni.

Mshonaji aliruka kutoka kwenye cherehani. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya sebule, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza. Mama mwingine angepiga ukelele, na mtoto angeshtuka akanyamaza. Yeye alinyoosha mkono tu, akamkimbilia.

"Karibu!" alisema mtoto, kisha akageuka amtazame mama yake, asifiwe.