Kivuli Kilichokataa Kuzimwa

Toa hicho kicheko mdomoni. Hata sijaanza, wewe umeshaamua bibi amezeeka. Unadhani jini linaogopa umeme? Kaa, usikilize.

Muksini, mtu wa Singida, alipanga chumba changu cha mbele hapa Mbulu, akaweka kompyuta za kuchezea gemu. Jumamosi vijana wa Katesh walikuwa wanakuja kushindana, na kompyuta yake kubwa ilikuwa imeungua kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini. Akaenda Gendabi kwa mzee Akonaay, ambaye alikuwa amemzika mwanawe Evarist siku nne tu nyuma, kuomba auziwe kadi ya kompyuta ya marehemu. Sisi Wairaqw, nyumba iliyofiwa haitoi kitu mpaka isafishwe kimila. Mzee akamwambia asubiri. Muksini akamzunguka, akauziwa na shemeji wa marehemu, akaifunga kwenye kompyuta yake.

Alhamisi mchana mkewe, Hajira, akanijia jikoni.

“Shikamoo, bibi. Njoo unuse.”

Feni ya kompyuta ilikuwa inatoa harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Muksini alikuwa amefura. Seting za juu, zile za picha nzuri kabisa, gemu ilikwenda picha kumi na moja kwa sekunde, inakwama kama ng'ombe kwenye tope. Akashusha za kati. Kumi na moja. Za chini kabisa. Kumi na moja. Akapiga meza, akasema kadi ni nzima, ila kuna kitu kizito inakichora na yeye hakioni.

Akazima nyasi za kwenye gemu. Akazima maji. Akazima vivuli vyote, na vyote vikaondoka isipokuwa kimoja, cha mtu aliyesimama, na mtu mwenyewe hayupo.

“Irudishe Gendabi,” nikamwambia. “Leo.”

“Bibi, nikikosa mashine hii keshokutwa, nimekwisha.”

“Utakwisha vibaya zaidi.”

Hakunitazama, akaendelea kupunguza hiki na kile, na kila alipopunguza ile nchi ya kwenye skrini ilififia lakini kivuli kikazidi kukolea na kusogea, mpaka nikahesabu vidole vyake, na feni ikavuma kama mtu anayevuta pumzi chini ya matope, na Hajira akaning'ang'ania kanga akinong'ona kwamba baridi inamtambaa miguuni, halafu ghafla kila kitu kikanyamaza.

Picha sitini kwa sekunde. Gemu ikateleza kama mafuta.

“Umeona, bibi?” Muksini akacheka, mara ya kwanza tangu juzi. “Mzigo umetoka.”

Kweli ulikuwa umetoka. Kwenye skrini hapakuwa na kivuli tena. Ukutani nyuma ya Muksini vilikuwa viwili, kimoja kimekaa, kingine kimemwinamia sikioni.

“Muksini, inuka utoke.”

Akajibu taratibu, bila kugeuka, kwamba tumwache, bado anacheza. Alijibu kwa Kiiraqw safi cha Gendabi, yeye asiyejua hata kusalimia.

Nikamvuta Hajira mkono, tukatoka, nikafunga mlango.