Gauni Lililogoma Kufunga Kiunoni

"Gwilym! Hili gauni la nani?"

Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda, sketi yangu imejaa pini, na fundi Gwilym amepiga magoti nyuma yangu anarekebisha pindo. Mlangoni alikuwa Lowri, mchumba wake, kakumbatia gauni la hariri la rangi ya damu ya mzee.

"Nimelikuta kabatini kwako, umelificha nyuma ya makoti. Nakuuliza, la nani?"

Gwilym mdomoni kabana pini. Sisi tunaomjua, tunajua akishabana pini hata nyumba iungue hasemi. Akanyoosha kidole kumwelekea Lowri mwenyewe.

"Langu?" Lowri akacheka kwa uchungu. "Nimelijaribu! Kiunoni halifungi, nyuma linaburuza sakafuni. Hili ni la mwanamke mrefu, mwembamba." Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Kama huyu hapa."

Makubwa! Mimi Delyth, nimekuja zangu kurekebishiwa nguo ya tamasha, nageuzwa mwizi wa mabwana za watu!

"Lowri, shoga yangu..."

"Usiniite shoga! Kumbe ndiyo maana huishi kuja hapa!"

Gwilym alipomaliza kutema pini, mlango ulishabamizwa. Pete ya uchumba ilibaki juu ya cherehani.

Kila Agosti mji wetu huu wa Wales huvaa kama enzi za bibi wa bibi zetu, tukiandamana na bendi barabarani. Lowri hajawahi kuvaa hata mara moja. Yeye hukaanga chipsi na samaki dukani kwake na kututazama dirishani. Ukimwalika anakwambia, "Nguo zile si za miili kama yangu."

Jioni ile Gwilym alimwandikia: "Gauni ni lako. Nilitaka kukushtukiza siku ya tamasha. Naapa."

Jibu likaja: "Kiuno changu nakijua. Usinifanye mjinga. Tamasha likiisha nahamia Cardiff kwa dada yangu."

Gwilym akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa kabisa. Akaja kwangu macho mekundu.

"Delyth, ninampoteza hivi hivi naona."

"Bwege wewe! Ulimweleza kuwa linavaliwa na koseti ya kubana kiuno?"

"Nimweleze saa ngapi? Hapokei."

"Lete hilo gauni. Na vikorokoro vyake vyote."

Asubuhi ya tamasha nikaingia dukani kwa Lowri kwa mlango wa nyuma, nimebeba sanduku.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuvalisha. Lakini kwanza tazama." Nikaingiza mkono wangu kwenye mkono wa gauni. Wa gauni ukaniishia kiwikoni, kama nimeazima nguo ya mtoto.

Lowri akauvuta mkono wa gauni, haukurefuka. "Basi ni la mwingine."

"Ndiyo, mwingine mwenye mikono mifupi na kiburi kirefu. Geuka!"

Nikamvalisha koseti, nikakaza kamba mgongoni.

"Unaniua!"

"Hufi. Pumua kwa juu juu."

Kisha nikamfunga kitenga cha nyaya zilizopindwa, kinachokaa nyuma chini ya kiuno.

"Na hiki nini tena?"

"Tako la bandia, mama. Magauni haya hayashonewi mwili mtupu. Koseti inakata kiuno, nyaya zinanyanyua sketi nyuma. Ule urefu ulioburuza ndio unaoliwa na hili tako."

Nikamshushia gauni kichwani. Kulabu zikashikana moja baada ya nyingine bila kubishana. Mkia wa sketi ukatua nyuma yake, ukagusa sakafu kidogo tu. Lowri akajitazama kwenye kioo cha friji ya soda, machozi yakamtoka.

"Alinipima lini? Mimi sijawahi kupimwa."

"Anavyokukumbatia kila siku, ulidhani ni mapenzi tu? Fundi yule!"

Akacheka huku analia. "Nisamehe, dada. Sikuamini kuna mtu angekaa kitako ashonee mwili huu kitu kizuri hivi."

"Lia baadaye. Bendi inapita!"

Gwilym alikuwa amesimama pembeni ya barabara peke yake, koti jeusi, kimto cha pini kimefungwa kwenye kifundo cha mkono kama kawaida. Alipomwona Lowri, akaachama tu. Kisha macho yakamshuka hadi kwenye pindo, ambalo mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimelikanyaga likafumuka. Fundi ni fundi. Akatia pini mdomoni, akapiga goti mbele ya umati.

"Anachumbia! Anachumbia jamani!"

Watu wakapiga vigelegele, bendi ikasimama. Gwilym akatikisa kichwa, akaonesha pindo, akaonesha pini. Nani amsikilize!

"Watu wanasubiri, Gwilym," Lowri akasema.

Akaonesha mdomo wake.

"Basi nyamaza. Siku ile niliondoka kabla hujatema pini, leo nasema mimi. Nimekukosea, na bado nakupenda. Ndiyo, nitaolewa na wewe. Pete yangu iko wapi?"

Gwilym akainua mkono. Pete ilikuwa pale pale kwenye kimto, imechomekwa kwa pini. Lowri akaichomoa, akajivisha mwenyewe, na mtaa mzima ukalipuka kwa shangwe.

Ndipo Gwilym akatema pini zote kiganjani, machozi yanamtiririka.

"Mpenzi," akasema, "simama wima. Pindo upande wa kushoto bado limefumuka."

Lowri akasimama wima.