Gauni Kwanza

Kila alipotoka shule, Sindano alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaifuta mpaka ikakauka kabisa, ndipo akaingia chumba cha kushonea. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa wembamba wake. Shangazi alimlea, na alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Chumbani mwake kulikuwa na sheria moja kali: maji hayaingii. Tone moja tu, hariri inabaki na doa.

Wiki ile joto lilikuwa limepanda kuliko kawaida. Bati la paa lilialika kwa jua. Dirisha lilikuwa limefungwa kuzuia vumbi, na feni imezimwa isipeperushe vitambaa.

"Fundi, unashona au unajioka?" kinyozi wa jirani alipaza sauti nyuma ya ukuta. "Toka ukae kivulini, unywe maji!"

"Wewe nyoa vichwa vyako!" Shangazi alijibu huku akicheka. "Bibi harusi wangu anavaa kesho. Nikimaliza pindo nitakunywa pipa zima."

Sindano naye alicheka, akaendelea kushona shanga. Baadaye aligundua cherehani imenyamaza. Shangazi alikuwa ameduwaa, midomo imekauka. Sindano alimgusa mkono. Ulikuwa wa moto kama pasi.

"Mama, funga mlango, mvua inaingia," Shangazi alisema.

Mama yake Shangazi alikwisha fariki zamani, na nje jua lilikuwa likiwaka.

"Shangazi, ni mimi!"

Shangazi aliteleza kitini, akaanguka na gauni mapajani.

Hapo Sindano alifanya alivyozoeshwa. Alilichomoa gauni polepole lisichanike, akalikung'uta, akalitundika, akalifunika vizuri. Ndipo akapiga yowe.

Kinyozi alikuja mbio. Alimbeba Shangazi hadi kivulini, akammwagia maji mwilini na kumpepea kwa aproni yake. Sindano alipoleta kikombe, alimzuia.

"Usimnyweshe, hajitambui. Yatampalia! Kimbia ukatafute gari!"

Shangazi alinusurika. Lakini mkono wake wa kulia ulibaki ukitetemeka, na mkono huo ndio uliokuwa ukiwalisha.

Siku moja walikwenda kliniki, Sindano akashindwa kujizuia.

"Nililitundika gauni kwanza," alimwambia muuguzi, machozi yakimtiririka. "Yeye yuko chini, mimi nafunika gauni!"

"Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo," Shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Sasa dirisha liko wazi, na jua likiwa kali hatushoni. Lakini nimechelewa kujua."

Muuguzi alivuta kiti, akaketi mbele ya Sindano.

"Mwanangu, sitakudanganya. Dakika zile zilikuwa na thamani. Lakini ulikuwa mtoto mwenye hofu, ukafanya ulichokijua. Sasa fahamu hili: joto halimngoji mtu amalize kazi. Kunywa maji kabla kiu haijakubana. Pumzika kivulini. Na mtu akianza kuweweseka kwa joto, ita watu hapohapo, mpoze mwili. Nguo hata ikiharibika itashonwa nyingine."

Shangazi alinyoosha mkono amfute Sindano machozi. Vidole vilitikisika, vikaenda pembeni, vikagusa sikio. Sindano aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni, akaushikilia hapo.