Salama Nne

Kila nikitoka shule humkuta mama, fundi cherehani, akishona, nami humtungia uzi kwenye sindano. Jumatano ile cherehani ilikuwa kimya. Dada alikuwa amekaa kando ya begi lake la chuo, macho yamemvimba.

"Nimeacha chuo," alisema. "Sijasajili hata somo moja, na mwisho ni keshokutwa. Sijui pa kuanzia."

Nilipandwa na hasira. Mama ameshona sare za shule nzima ili dada afike chuo kikuu, naye anarudi kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa!

"Si ulipewa mwenyeji?" nikafoka. Chuoni kwao kila mgeni wa mwaka wa kwanza hupewa mwanafunzi wa mwaka wa tatu amwongoze. Ndiye huitwa mwenyeji.

Jioni hiyo mwenyeji mwenyewe akabisha hodi, msichana mrefu mwenye miwani, daftari kwapani.

"Shikamoo, mama. Nimemkosa bwenini, nikaja mbio na daftari ninaloandika habari zake."

"Marahaba. Lete hilo daftari."

Mama akasoma kwa sauti. Wiki ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu, salama. Ya nne, salama.

"Nilimpigia simu kila Jumatatu," mwenyeji akajitetea. "Nikimuuliza habari, anajibu salama."

Mama akalibwaga daftari mezani, pini zikaruka. "Hata mgonjwa aliyelazwa ukimuuliza habari atakwambia salama! Hiyo ni salamu, mwanangu. Ukishaitikiwa ndipo unaanza kuuliza!" Akamgeukia dada, aliyeanza kutabasamu. "Nawe usicheke. Salamu zilipoisha ulimwambia nini?"

"Niliona aibu, mama. Wenzangu wote walionekana wanajua."

"Hata mimi nilipotea wiki mbili mwaka wangu wa kwanza," mwenyeji akasema polepole.

"Mbona hukumwambia hilo?" nikamkemea, na hakuna aliyenikanya.

Alfajiri waliondoka pamoja. Ijumaa mchana dada akapiga simu: masomo yote sita yamesajiliwa, na mwenyeji alisimama naye kwenye foleni mpaka mwisho.

Mama akashusha pumzi, akamjibu. "Ukikwama, sema umekwama. Anayetaka kukusaidia hawezi kusaidia asichokijua." Kisha akanitazama. "Na wewe, habari za shule?"

"Salama."

Akasimamisha cherehani. "Salamu nimeisikia. Sasa niambie."

Nikafungua begi na kutoa karatasi ya mtihani wa hesabu niliyoificha tangu Jumatatu.