Lusia na Macho ya Mkwewe

Nyie wenye wazee nyumbani, na nyie mtakaokuwa wazee kesho, nipeni masikio kidogo. Nataka kuwaambia yaliyompata Lusia wa Kasokola, mke wa Manyanda, katika ile miaka ya tisini, Mpanda ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa.

Asubuhi hiyo nyumba yao ilikuwa imetulia. Mavuno yalikuwa yameisha, karanga zimeanikwa uani, na Manyanda alikuwa amewapeleka ng'ombe malishoni. Mama yake, Esteria, alikaa kwenye kigoda akibangua karanga na kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwao Usukumani. Mtoto Glory, aliyeanza kusimama kwa kushikilia vitu, alikuwa akimzunguka bibi yake. Lusia aliipua sufuria ya uji, akaiweka chini kando ya mafiga.

"Mama, uji uko hapo. Nakwenda kuchukua vikombe."

Hakuwa amefika hata mlangoni aliposikia Glory akilia kidogo, kilio cha kutaka kubebwa. Esteria akainuka kumfuata. Mguu wake ukagonga sufuria. Uji ukamwagika, ukamfikia mtoto mguuni, na kilio kilichofuata kikawaleta majirani mbio.

"Sikuiona, mwanangu," alisema Esteria. "Jamani, sikuiona."

"Hukuiona? Sufuria kubwa hivi, mchana kweupe?"

Lusia alimnyakua mtoto, akamtazama mkwewe kwa hasira iliyokuwa imemjaa kwa muda mrefu. Maana, ndugu zangu, haikuanzia kwenye uji. Lusia alikuwa Mfipa, na siku alipoletwa pale, mama mkwe alitamka wazi kwamba angependa mwanawe aoe Msukuma mwenzake. Neno hilo Lusia hakulisahau. Kwa hiyo Esteria alipotia magadi kwenye mboga badala ya chumvi, Lusia alisema anamfanyia makusudi. Alipowamwagia kuku karanga za mbegu, alisema ni roho mbaya. Na Esteria alipopishana na jirani yao Christina njiani bila kumsalimu, Christina alikuja na lake.

"Na macho yale mekundu, Lusia! Mimi nisingelala naye nyumba moja."

Mnajua wenyewe maneno ya namna hiyo, ya macho mekundu na uchawi, yamewatenda nini kina mama wazee. Sitayaeleza.

Baada ya mtoto kuungua, aliitwa Yotham, baba mdogo wa Manyanda, ndiye aliyeshika nafasi ya marehemu baba. Yotham alisikiliza, akakohoa, akasema mama huyu akae mbali na watoto. Manyanda alitazama vidole vyake vya miguu. Jioni hiyo alimhamishia mama yake kwenye bani la zamani la kukaushia tumbaku, ng'ambo ya shamba.

"Ni kwa muda tu, mayu," alisema, akiita mama kwa Kisukuma.

"Sawa, baba," alijibu Esteria. Hakuuliza muda gani.

Kila siku Lusia alimpelekea chakula. Alikuwa akiweka bakuli mlangoni, anagonga nguzo kwa mkono, anageuka na kwenda zake. Nyumba ikawa kimya, akajiambia sasa amepumzika. Lakini huko kilabuni walevi walianza kulitaja jina la Esteria. Ng'ombe wa fulani amekufa, Esteria. Mvua imechelewa, Esteria. Siku moja Lusia alikuta mawe kwenye paa la bani, makubwa kama ngumi ya mwanamume. Hakuuliza nani kayatupa. Aliogopa jibu.

Siku ya kufunguliwa kidonda cha Glory, Lusia alikwenda zahanati. Pale kwenye benchi alikuta wageni wawili kutoka mjini: mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole aitwaye Theopista, na Selestine, fundi baiskeli. Walikuwa miongoni mwa watu waliojiunga kwa hiari kuisaidia hospitali ndogo ya macho pale Mpanda mjini. Watu waliwaita Watu wa Macho. Hawakuwa na mshahara wala gari. Waliwafulia wagonjwa mashuka, waliwapikia wasio na ndugu, na kwa zamu walizunguka vijijini kwa baiskeli kuwatafuta wasioona vizuri.

Theopista alimtazama mtoto. "Pole, mama. Kaungua na nini?"

Lusia akamweleza, na hasira ikamrudia. Alieleza uji, magadi, kuku, salamu. Theopista alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama mkwe akipewa kikombe," aliuliza, "anakishika moja kwa moja, au anakitafuta kwanza kwa mkono?"

Ndipo Lusia alipokumbuka. Aliuona mkono wa Esteria ukitambaa juu ya mkeka. Alimwona akitembea huku ameshika ukuta, akigeuza sikio kabla ya kugeuza uso.

Hakupitia nyumbani. Akiwa na mtoto mgongoni, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye bani, akasimama mlangoni bila kugonga. Esteria alikuwa amepiga magoti. Alikuwa akipapasa chini, akalikosa bakuli, akapapasa tena, akalipata. Ugali ulikuwa umejaa siafu. Akamega tonge, akalitia mdomoni na siafu wake, akatema, akajipangusa, akamega lingine. Kisha akainua uso, akamwelekea Lusia waziwazi.

"Nani hapo?"

Lusia machozi yalikuwa yakimtoka. "Ni mimi, mama."

"Lusia? Mbona leo hujagonga?"

"Mama, unaniona?"

Esteria akatikisa kichwa. "Nakuona kama mtu aliye ndani ya moshi. Na siku hizi hata moshi wenyewe unakuwa mweusi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, mwanangu? Asiyeona anahesabiwa mzigo. Nilidhani nikijikaza mtaniacha nikae na mjukuu." Alichomoa kichupa upindoni mwa kanga. "Najitilia dawa hii ya majani. Inachoma sana, inayafanya macho yawe mekundu. Lakini nilisema labda itasaidia."

Lusia alikichukua kile kichupa, akakimwaga nje. Akaingia ndani, akampangusa mkwewe siafu mikononi, mmoja baada ya mwingine, akamshika mkono wakarudi nyumbani.

Msifikiri mambo yaliishia hapo. Yotham aliposikia habari ya hospitali alikuja juu.

"Nyie mmerogwa? Kule wanang'oa macho ya mtu wanamwekea ya mbuzi! Shemeji yangu hatakwenda."

Hata Esteria mwenyewe, aliposikia hivyo, akasema heri afe na macho aliyozaliwa nayo. Lusia akatuma salamu kwa Theopista. Kesho yake Theopista alifika tena na Selestine, na safari hii walimleta mzee mmoja mkulima wa tumbaku kutoka Katumba, Mrundi, jina lake Kalisti. Alikuwa amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na tangu hapo naye akawa mmoja wa Watu wa Macho.

Kalisti alimsogelea Yotham mpaka pua zikakaribia kugusana. "Tazama vizuri, mzee mwenzangu. Haya ya mbuzi?"

Watu wakaguna. Mmoja akacheka.

"Kama ni ya mbuzi, basi mbuzi anaona vizuri sana. Manyanda, suruali yako imechanika nyuma. Nimeona tangu naingia."

Hapo uani pote pakaangua kicheko, hata Esteria alicheka, na Manyanda akaweka mkono nyuma haraka. Lakini kicheko kilipoisha, Manyanda akamgeukia Yotham.

"Baba mdogo, siku ile uliposema mayu atoke, nilikaa kimya. Nilikosea. Leo nampeleka hospitali mimi mwenyewe."

Selestine alimfungia Esteria mto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ili asiumie, na Manyanda akaikokota njia yote. Lusia alitembea kando na mtoto mgongoni.

Hospitalini waliambiwa daktari mgeni ameshafika kwa treni na ataondoka nayo. Wagonjwa walikuwa wengi, wamelala hadi barazani. Asubuhi ya operesheni, Lusia alimsikia muuguzi akisema pampu ya maji imeharibika. Bila maji hakuna kuchemsha vyombo, na bila vyombo safi daktari hatashika kisu. Mtu ambaye hatahudumiwa leo, hakuna ajuaye treni itamleta tena daktari lini.

Lusia aliona mama mkwe wake akikunja kanga yake taratibu, kama mtu anayejiandaa kurudi alikotoka.

"Usikunje, mama," Theopista, aliyekuwa zamu pale, alimwambia Esteria. "Ngoja kwanza."

Akatoka. Haukupita muda mrefu, zikaanza kusikika kengele za baiskeli. Alikuja Selestine na mafundi wenzake, kila baiskeli ina madumu pande zote mbili. Wakaja mama wa sokoni na ndoo kichwani, wakaja vijana wa kwaya ya kanisani, na Waislamu wawili waliokuwa wakichimba kisima jirani wakaja na pipa kwenye mkokoteni. Lusia hakuambiwa na mtu. Alimkabidhi mumewe mtoto, akachukua ndoo, akaingia kwenye msafara. Alichota na kurudi, akachota na kurudi, mpaka muuguzi akatoka nje akasema inatosha, daktari ameanza.

Siku iliyofuata walimfungua Esteria bandeji. Lusia alisimama mbele yake. Esteria alipepesa, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Kisha akatulia, akamtazama mkwewe kuanzia juu hadi chini.

"Lusia! Mbona umekonda hivi? Huyu mwanangu hakulishi?"

Lusia alimwangukia miguuni akilia. Esteria akamshika kichwa. "Nyamaza, mwanangu. Mimi nami niliyasema yangu siku ulipokuja. Niletee huyo mtoto." Akampokea Glory, akamtazama usoni kwa muda mrefu, maana alikuwa hajawahi kumwona vizuri tangu azaliwe. Kisha akalipapasa kovu la mguu, polepole, akaibusu ile sehemu.

Jicho lililofanyiwa operesheni lilikuwa la kulia. La kushoto daktari alilikagua, akatikisa kichwa. Dawa ya majani ilikuwa imeliunguza, na kama wangemleta mapema, alisema, yote mawili yangepona. Manyanda aliposikia hilo alitoka nje, akasimama ukutani peke yake mpaka Kalisti alipomfuata.

Walirudi Kasokola mchana, watu wakiona. Esteria alitembea mbele bila kushikwa, akamsalimu Christina kwa jina kabla Christina hajafungua mdomo. Yotham alilivunja mwenyewe lile bani, na mawe ya paani akayatupa mtoni. Na Lusia? Kila wiki alishika njia ya mjini kwenda kufua mashuka pamoja na Theopista, na kule vijijini akawa ndiye anayeuliza: akipewa kikombe, anakitafuta kwa mkono?

FUNZO

Ndugu zangu, mzee akimwaga, akikosea, akipita bila salamu, msikimbilie kusema ana roho mbaya. Muulizeni kama anaona. Wekundu wa macho ni ugonjwa, si uchawi, na anayesambaza maneno hayo anaweka jiwe mkononi mwa mwingine. Msitie machoni dawa msizozijua, na msingoje mpaka jicho life. Na kazi ya hospitali si ya madaktari peke yao: daktari alikuwa na kisu, lakini Esteria asingeona kama watu wa Mpanda wasingebeba maji. Kama una baiskeli, una ndoo, au una mikono miwili tu, hospitali ina kazi yako.